Hakuna Samaki wa Mbwa

Soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, lina swali lake. Ukisimama mbele ya meza ya dagaa, kabla mama muuzaji hajashika sado, atakuuliza: "Za kula au za mbwa?" Jibu lako ndilo litakaloamua mkono wake uende wapi. Ukisema za kula, atachota kwenye lundo la mbele: dagaa weupe, wakavu, walioanikwa juu ya kichanja wakapigwa na jua la kutosha. Ukisema za mbwa, atainama na kuvuta gunia lililo chini ya meza. Humo mna dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka, wakavunda, wakaanikwa tena. Mna ukungu, vichwa vilivyokatika, mchanga wa mwaloni na kokoto. Sado ni ile ile. Bei ndiyo inayoporomoka.

Sina ugomvi na mama huyo. Anauza kinachonunuliwa. Ugomvi wangu ni na sisi wanunuzi, na hasa sisi tuliosoma, tunaofuga mbwa kwa mapenzi, tunaompiga picha amelala kwenye zulia na kumpa jina la mchezaji wa mpira, halafu tukifika sokoni tunajibu "za mbwa" bila hata kupepesa macho. Mimi nasema hakuna samaki wa mbwa. Kuna samaki anayelika na kuna samaki aliyeharibika. Hilo daraja la katikati tumelitunga wenyewe ili tusilazimike kutupa uozo, na madhara yake hayaishii kwenye bakuli la mbwa.

Nianze na mbwa, maana ndiye anayelipa kwanza.

"Mbwa hula chochote, hafi." Hoja hii nimeisikia kwa wazee, kwa majirani, hata kwa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa anasomea baiolojia. Ni kweli mbwa humeza chochote, lakini kumeza si kuvumilia. Tumbo lake lina asidi kali, na asidi hiyo humsaidia kuua vijidudu vingi ambavyo mimi na wewe vingetulaza kitandani siku tatu. Ila asidi huua kilicho hai. Haina la kufanya mbele ya sumu ambayo imekwisha kutengenezwa ndani ya samaki kabla hajafika mdomoni.

Mfano mzuri uko pwani. Jodari, vibua na dagaa wa baharini wana kirutubisho kiitwacho histidini kwa wingi katika nyama yao. Samaki hao wakikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza histidini kuwa histamini. Wapo wanaodhani moto unatakasa kila kitu. Chemsha samaki huyo saa nzima: bakteria watakufa, histamini itabaki. Mkaange, itabaki. Mkaushe, itabaki. Hata harufu si mlinzi wa kutegemewa, kwa sababu histamini inaweza kuwa imejaa kabla samaki hajaanza kunuka. Atakayemla, awe mtu au mbwa, anaweza kuvimba uso, kutapika na kuharisha. Mtu atakuambia kichwa kinamgonga, mbwa hana namna ya kukuambia. Kwa hiyo yule anayenunua fungu la vibua waliolala, akasema "nitawachemsha sana, ni wa mbwa tu," amechemsha maji bure.

Kisha kuna ukungu. Neno sumukuvu Watanzania wengi walilisikia mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yaliyoota kuvu. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi mno kwa sumu hiyo, maana hushambulia ini. Mwishoni mwa mwaka 2005 huko Marekani mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa kula chakula cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu, chakula kilichofungwa vizuri kwenye mfuko wenye picha ya mbwa anayetabasamu. Sasa tazama sufuria ya mbwa wa mtaani kwetu: ugali wa chenga zilizoota ukungu, zilizokataliwa na mama wa nyumba, umechanganywa na dagaa wa gunia la chini ya meza. Mbwa anakonda, macho yanageuka manjano, hali, anakufa. Tunasema amerogwa, au jirani amemtegea sumu. Hakuna anayetazama sufuria.

Chumvi nayo. Papa mkavu na ng'onda hukaushwa kwa chumvi nyingi kwa sababu ndiyo inayomzuia asioze. Binadamu humloweka, humchemsha, humwaga maji, ndipo humuunga kwa nazi. Mbwa hurushiwa kipande kikavu kama kilivyo, akalamba maji hadi usiku wa manane, akatapika, na mbwa mdogo anaweza hata kuanza kutetemeka na kuanguka. Na mchuzi uliobaki? Mchuzi wa samaki wa kwetu haukamiliki bila kitunguu maji, na wengine huongeza kitunguu saumu. Vyote viwili huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupikwa hakuviondolei ubaya huo. Sisemi tone moja litamuua. Nasema mbwa anayemwagiwa makombo ya mchuzi kila jioni kwa mwaka mzima anaweza kuwa anapungukiwa damu polepole, na wewe unamwita mvivu.

Lakini kinachoua haraka, tena mbele ya macho yenu, ni miiba.

Mwanza kuna kitu kiitwacho mapanki. Kiwanda kikishachukua minofu ya sangara kwa ajili ya kusafirisha, hubaki kichwa, uti wa mgongo na mkia. Wenzetu wa Kisumu huita mgongo wazi. Mapanki hukaushwa au hukaangwa kwenye mafuta, huuzwa, na huliwa, nitarudi huko. Mkaguzi wa mwisho wa mapanki ni mbwa, anayetupiwa mifupa baada ya kila mtu kunyonya. Mfupa wa sangara ni mgumu na mnene, na ukishakaangwa hukauka na kuwa kama kijiti cha kioo: haupindi, huvunjika kwa ncha. Mbwa hautafuni kwa subira. Huuvunja mara mbili, humeza.

Jirani yangu alikuwa na mbwa aliyeitwa Jeki, mlinzi hodari, mwenye mguu mmoja mweupe. Jumapili moja alipewa mifupa ya mapanki ya kukaanga. Jioni akaanza kujipapasa mdomo kwa mguu wa mbele, udenda ukimtiririka, akikohoa kikohozi kikavu. Wakafanya wanachomfanyia mtoto aliyekwamwa na mwiba: wakamlazimisha kumeza tonge kubwa la ugali mkavu ili liusukume. Lilisukuma kweli. Daktari wa mifugo aliyekuja siku ya tatu, Jeki akiwa amekwisha kufa, alimfungua akatuonyesha mfupa mfupi kuliko kidole changu cha mwisho, umetoboa umio na kutokea upande wa pili. Tonge ndilo lililoupigilia msumari huo. Akikwamwa mbwa wako, usimpe tonge, usimpe ndizi, usivute usichokiona. Mfunge, umtulize, umpeleke kwa daktari, na kama daktari yuko mbali, piga simu kabla ya kubuni dawa.

Hao ndio kundi la kwanza, wanaomwona mbwa kama jalala lenye miguu minne. Kundi la pili ni wenzangu wa kisasa, na nitawasema pia, maana wao hudhani wameokoka.

Hawa wamesoma kwamba mbwa ni mbwa mwitu aliyevaa mkanda, na kwa hiyo apewe kila kitu kibichi kama porini. Mwanzo wa wimbi hili ni Australia: mwaka 1993 daktari wa mifugo Ian Billinghurst alitoa kitabu kiitwacho Give Your Dog a Bone, akitetea mifupa mibichi yenye nyama. Kutoka kwenye mfupa mbichi wa kuku, hatua ya kwenda kwenye sato mbichi mzima, na magamba yake na miiba yake ya mgongoni, imekuwa fupi. Nimemwona kijana Nyegezi akimrushia mbwa wake sato mzima huku akirekodi video, anasema "asili, asili."

Asili ipi? Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi za jeni la kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Maana yake ni kwamba maelfu ya miaka ya kula makombo yetu yamemjenga upya. Ugali si tusi kwake. Tumbo lake linaujua ugali. Mbwa ni mnyama wa jikoni, na jikoni kuna moto.

Na samaki mbichi ana kisa chake cha zamani. Mwaka 1932, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mfugaji mmoja wa mbweha aliyeitwa Chastek aliona wanyama wake wakipooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi wa jamii ya kapu. Baadaye iligundulika kwamba baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1 mwilini mwa anayewala. Ugonjwa huo mpaka leo unaitwa kwa jina la mfugaji huyo. Kimeng'enya hicho hakistahimili moto: ukimchemsha samaki, kazi yake imekwisha. Dakika chache za jiko la mkaa zinatosha kulimaliza tatizo lililomfilisi mtu mbweha.

Wapo pia walioshika onyo la Wamarekani kama msahafu: usimpe mbwa samoni mbichi. Onyo ni la kweli, huko kwao. Samoni wa mito ya Oregon na Washington hubeba mnyoo bapa mdogo sana, na ndani ya mnyoo huyo huishi bakteria ambaye humwangusha mbwa ndani ya siku chache, na asipotibiwa mara nyingi hufa. Lakini nani Igoma anamlisha mbwa samoni? Tunaazima hofu za watu na kuziacha za kwetu. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria anaweza kukutwa na mnyoo mweupe, mrefu kuliko tumbo linalombeba, uitwao Ligula. Anatisha kumtazama, ila makao yake ya mwisho ni utumbo wa ndege wanaokula samaki, na ukimchemsha ni nyama tu. Kwa upande mwingine, Mafia na Tanga na Dar es Salaam yupo bunju, yule samaki anayejivimbisha kama mpira. Wavuvi wakimnasa humtupa mchangani kwa kuwa wanajua anaua. Sumu yake haiondoki kwa moto, haina dawa ya kuikata, na hupooza misuli mpaka pumzi ikate. Jioni unakwenda kutembeza mbwa ufukweni, kamba umemfungulia akimbie. Huyo bunju mkavu mchangani ndiye wa kuogopa. Samoni mwachie Oregon.

Basi alishwe nini? Kwangu mimi samaki bora wa mbwa ni dagaa yule yule wa lundo la mbele. Ni mdogo, hivyo hajakusanya zebaki kama papa, nduaro na jodari wakubwa, ambao huishi miaka mingi na kula wenzao. Miiba yake ni laini, ikichemka haichomi, na humpa mbwa madini ya mifupa. Namchambua kwanza. Namwosha kwa maji ya moto mara tatu au nne, nikimwinua kutoka juu bila kumimina, ili mchanga ubaki chini ya beseni; mchanga ukiingia tumboni mwa mbwa siku baada ya siku unaweza kumziba. Namchemsha dakika kama 20. Jua hukausha, haliui kila kijidudu, na dagaa aliyeanikwa chini amepitiwa na kuku, mbuzi na watoto. Sitii chumvi, kitunguu wala mafuta. Supu yake namimina kwenye unga wa ugali, na kama boga lipo nalikatia humo. Mbwa wangu ana kilo 18. Konzi moja ya dagaa, mara tatu kwa wiki, inamtosha, na siku nyingine hupata maharage yaliyoiva vizuri au mabaki ya utumbo kutoka buchani, yakiwa yamechemshwa. Kwa mbwa asiyemzoea samaki, anza na wawili watatu, ngoja siku mbili uone kama anajikuna au anaharisha. Wapo mbwa wasiopatana na samaki kabisa.

Sangara na sato pia wanafaa, kwa sharti moja tu: mnofu utolewe kwa mkono, upapaswe kwa vidole, mwiba baada ya mwiba. Mifupa ichimbiwe au ichomwe. Ukiitupa jalalani, umempelekea mbwa wa mtu mwingine.

Najua wapo wanaosoma hapa wamekwisha kukunja uso. Naijua hoja yao, nimeambiwa usoni na shangazi yangu: "Mwanangu, watu hawana kitoweo, wewe unamchambulia mbwa dagaa?" Ni hoja nzito, na anayeijibu kwa mzaha hajawahi kulala njaa. Kwenye nyumba ambayo konzi ile ya dagaa ndiyo kitoweo cha watoto watatu, konzi ni ya watoto, hakuna mjadala, na mwenye nyumba hiyo simzungumzii. Namzungumzia mwenye uwezo wa kununua vocha ya siku nzima. Tena samaki si lazima. Mbwa anaweza kuishi maisha yake yote bila kuonja samaki. Ukishindwa kumpa samaki mzima, usimpe samaki. Asichostahili ni kupewa kilichooza kisha kikaitwa ukarimu.

Lakini hoja ya shangazi ina mlango wa nyuma, na huko ndiko ninakotaka kumpeleka. Nani hasa anakula lile gunia la chini ya meza?

Simama pale Mwaloni asubuhi moja, uhesabu. Anayekuja na sado akisema "za mbwa" si wote wana mbwa. Nimemsikia mama mmoja, mtoto mgongoni, akisema hivyo kwa sauti ya chini, na muuzaji hakumuuliza neno. "Za mbwa" ni bei. Ni namna ya kununua chakula cha bei nafuu bila kuaibika mbele ya watu. Gunia halina mlinzi, halina alama, halina mlango. Likishakubalika kuwa bidhaa sokoni, atakayelinunua ni yule mwenye fedha kidogo kuliko wote, na mara nyingi huyo ana miguu miwili.

Hili tumewahi kulibishania kama taifa, ila tulilibishania vibaya. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1990 Mwanza ilikuwa mji wa viwanda vya minofu. Umoja wa Ulaya uliposimamisha samaki wa ziwa hili mwishoni mwa miaka hiyo, mara kwa hofu ya kipindupindu, mara kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, viwanda vililazimika kununua barafu, kujenga maabara na kupiga deki. Mnofu uliokwenda Ulaya ukapata barafu. Mgongo uliobaki kwetu ukapata jua na nzi. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper akatoa filamu yake, Darwin's Nightmare, yenye picha za mapanki yakiwa yametundikwa, yana funza. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akailaani filamu hiyo hadharani. Katika kelele za mwaka ule moja ya mambo yaliyobishaniwa ni hili: mapanki ni chakula cha watu au cha mifugo? Mtu yeyote aliyewahi kuishi Mwanza alijua kuwa ni vyote viwili, kutegemea nani ana shilingi ngapi siku hiyo. Filamu ile ina dhambi zake, na sina haja ya kuitetea. Ninachosema ni kwamba neno "ya mifugo" lilitumika kama shuka la kufunikia. Ukishasema ni chakula cha mnyama, huwajibiki tena kuuliza kimeoza au hakijaoza, na nani anakila baada ya giza kuingia.

Na hata tukikubali kwamba gunia lote linakwenda kwa wanyama kweli, tunasahau kwamba wanyama wenyewe wanakuja mezani. Sehemu kubwa ya dagaa wa ziwa husagwa kuwa chakula cha kuku na nguruwe. Kuku wa mayai anakula dagaa wenye ukungu, mtoto anakula yai. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Walikuwa wanasema juu ya tenga, na tenga letu siku hizi linaanzia Ukerewe na kuishia kwenye chipsi mayai.

Pwani nitaambiwa kingine: mbwa ni najisi, kwa nini tupoteze wino? Namheshimu anayeosha chombo mara saba kwa sababu mbwa amekilamba. Hiyo ni hukumu ya tohara, na haijawahi kuwa ruhusa ya kumlisha uozo kiumbe. Watoto wa madrasa wanakijua kisa cha aliyesamehewa kwa kumtekea maji mbwa mwenye kiu. Maji hayo hayakuelezwa kuwa yalikuwa machafu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, inamtaka anayefuga mnyama ajali ustawi wake, na chakula ni sehemu ya ustawi. Sitarajii polisi waje kukagua sufuria ya mbwa wangu, na sitaki waje. Ninachotaka kiko kwenye soko, na ni kidogo. Uingereza, nyama iliyokataliwa na mkaguzi hupakwa rangi ili asitokee mjanja wa kuirudisha buchani. Dagaa walioota ukungu nao wapakwe rangi. Afisa afya wa soko apite asubuhi na ndoo ya rangi ya bluu ile ya chakula, amwagie, kisha viende shimoni au kwenye mboji. Hapo "za mbwa" itakosa cha kuuza.

Mfanyabiashara atalia hasara, na kilio chake ni cha haki. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, ukififia hutoka wote kwa pamoja, na mzigo hufika mwaloni kwa wingi asubuhi moja. Mvua ikinyesha asubuhi hiyo, na dagaa wametandazwa chini kwenye mchanga, mzigo umekwenda. Hilo gunia la chini ya meza ni mvua iliyotiwa ndani ya gunia. Dawa yake ni kichanja: fito, kamba, wavu kuukuu wa dagaa uliotandazwa kimo cha kiuno, na turubai la kufunika wingu likitanda. Dagaa wa kichanjani hukauka juu na chini, hana mchanga, na mvua ikija hufunikwa kwa dakika moja. Wapo akina mama visiwani wanaokausha hivyo tayari. Wanalalamika jambo moja tu, kwamba fito zinauzwa, turubai linauzwa, na mnunuzi akifika anataka bei ya mchangani.

Mwenye mbwa ni mnunuzi. Ananunua kidogo kidogo, lakini ananunua kila wiki, mvua na kiangazi, na mara nyingi ana kazi ya mshahara. Konzi tatu za dagaa wa kichanjani kwa wiki hazimalizi mshahara wa mtu. Mimi nalipa bei ya lundo la mbele, na mama ninayenunua kwake ameongeza kichanja cha pili mwaka huu.